Serikali ya umoja ikigombana, si bora wapeane talaka?

*«Shikamoo mwalimu. Nakuandikia kutoka Makorora, Tanga. Mama yangu mzazi ni mtu wa Wete, na dada yangu ameolewa Mombasa, kwa hiyo habari za Pemba na za Kenya zinaingia nyumbani kwangu kila siku sawa na za hapa kwetu. Nimechoka. Zanzibar, ACT-Wazalendo wamo ndani ya serikali, lakini wakipanda jukwaani wanaisema serikali hiyo hiyo, na CCM nao wanawajibu kwa maneno makali. Kenya ndiyo usiseme: jana maadui, leo meza moja, kesho wanatukanana. Kaka zangu wawili wa Wete, mmoja CCM na mmoja ACT, tangu Mfungo Mosi hawasalimiani kwa ajili ya mambo haya. Mwanangu wa kiume, aliyelelewa na mjomba wake huko huko Wete, Oktoba hii ya 2025 ndiyo mara yake ya kwanza kupiga kura. Kadi anayo, lakini anasema haendi: "Wote wamo serikalini, nimchague nani nimkatae nani?" Mimi nauliza, kama wameshindwana si wapeane talaka, mshindi atawale peke yake na aliyeshindwa akae pembeni? Hizi kelele ni dalili ya fujo za zamani kurudi? Na mwanangu nimwambie nini?»*

Marahaba, dada yangu. Hasira yako naielewa, lakini chini yake naona hofu, na hofu hiyo haikuzuka hivi hivi. Mtoto wa mama wa Wete hahitaji kuhadithiwa na mtaalamu yaliyotokea tarehe 26 na 27 Januari 2001 katika maandamano ya chama cha upinzani cha CUF, watu zaidi ya 30 walipouawa na wengine zaidi ya 2,000 wakavuka bahari kukimbilia Shimoni, Kenya. Anayeyakumbuka hayo, akisikia wakubwa wanarushiana maneno, moyo wake unakwenda kule moja kwa moja. Nitaanza na hilo la talaka, maana ukilielewa hilo mengi uliyouliza yatafunguka.

Watu wengi wanadhani Serikali ya Umoja wa Kitaifa ya Zanzibar ni mapatano ya viongozi wawili, wakikasirikiana yamekwisha. Ilianza hivyo, ni kweli, pale Rais wa Zanzibar wa wakati ule, Amani Karume, na kiongozi wa CUF, Maalim Seif Sharif Hamad, walipokutana Ikulu tarehe 5 Novemba 2009. Lakini haikuishia hapo. Tarehe 31 Julai 2010 Wazanzibari waliulizwa kwa kura ya maoni, na asilimia 66.4 wakasema ndiyo. Kisha Katiba ya Zanzibar ya 1984 ikabadilishwa, mabadiliko yanayojulikana kama ya Kumi. Tangu hapo, Makamu wa Kwanza wa Rais anatoka chama kilichoshika nafasi ya pili, mradi kimefikisha asilimia 10 ya kura za urais, na nafasi za mawaziri zinagawanywa kwa kufuata viti vya kila chama katika Baraza la Wawakilishi. Chama kinaweza kujiweka nje, kama CUF walivyofanya kwa kususia uchaguzi wa marudio wa Machi 2016. Utaratibu wenyewe lakini umo ndani ya Katiba, na waliouridhia ni wananchi, pengine na mama yako akiwamo.

Kenya ni jambo jingine kabisa, nakuomba usiyachanganye. Mseto wa 2008, ule Wakenya waliouita nusu mkate, ulitokana na makubaliano ambayo Mwai Kibaki na Raila Odinga walitia saini tarehe 28 Februari 2008 mbele ya Kofi Annan na Rais wetu wa wakati ule, Jakaya Kikwete, baada ya watu zaidi ya 1,100 kuuawa. Bunge likaupa nguvu ya sheria. Hii ya sasa inayoitwa serikali jumuishi haina sheria ya namna hiyo. Rais William Ruto aliwaingiza watu wa ODM, chama cha Raila, katika baraza la mawaziri baada ya maandamano ya vijana ya katikati ya 2024, na tarehe 7 Machi 2025 yeye na Raila wakatia saini hati ya makubaliano. Mpango wa aina hii kweli unaweza kuvunjika mchana mmoja, na dada yako akisikia uvumi wa kuvunjika asishangae. Akikwambia wewe kwamba na Zanzibar ni hivyo hivyo, mwambie sivyo.

Haya, mshindi atawale peke yake. Tuangalie mshindi huyo ni mshindi kiasi gani. Mwaka 2010 Dk. Ali Mohamed Shein wa CCM alipata asilimia 50.1 na Maalim Seif 49.1. Sheria zetu, Bara na Zanzibar, hazidai mtu avuke nusu ya kura, anayeongoza ndiye Rais hata kwa kura moja. Katika visiwa vilivyogawanyika nusu kwa nusu, ukimpa mshindi wa asilimia moja kila kitu, yaani mawaziri, wakuu wa mikoa na wilaya, hadi sheha wa mtaani, umewaambia karibu nusu ya watu kwamba serikali si yao kwa miaka mitano. Wakishindwa tena kwa kiasi hicho hicho, mitano mingine. Ndivyo ilivyokuwa tangu 1995. Wazee wa Pemba watakusimulia jinsi watu walivyosusiana madukani, misikitini na hata kwenye maziko, kwa sababu ya chama tu. Tulijaribu tena hali inayokaribia mshindi peke yake kuanzia 2016 hadi 2020, baada ya uchaguzi wa 25 Oktoba 2015 kufutwa na CUF kususia marudio. Serikalini hakukuwa na kelele kama hizi, na Baraza la Wawakilishi lilikuwa karibu lote la chama kimoja. Kule Pemba kususiana kukarudi. Kwa hiyo ninapolinganisha, silinganishi kelele na amani. Ninalinganisha ugomvi unaosikika kwenye meza ya serikali na ugomvi unaohamia vijijini, na kwa maoni yangu huo wa pili ndio wa kuogopwa.

Wewe mwenyewe hapa Tanga umeona kidogo hali ya watu waliogawanyika sawa kwa sawa bila kuwa na kanuni ya kugawana madaraka. Baada ya uchaguzi wa 2015 CCM na CUF walivutana juu ya umeya wa jiji hadi vikao vya madiwani vikakwama.

Sasa kwa nini wanagombana hata pale Katiba imewapangia? Neno lako la talaka lina kasoro moja, nayo ndiyo inayoeleza karibu kila kitu. Mume na mke hawana tarehe waliyowekewa ya kushindana mbele ya kijiji kizima ili mmoja amtoe mwenzake nyumbani. Vyama vilivyo ndani ya mseto vinayo. Kila baada ya miaka mitano lazima kila kimoja kiwaambie watu kwamba mwenzake hafai, na kwa nini chenyewe ni bora. Mshirika mdogo ana hofu ya kumezwa: akinyamaza sana, wafuasi wake watasema amenunuliwa kwa gari na king'ora. Mshirika mkubwa naye ana makada waliokuwa wakitegemea nafasi alizopewa mwenzake, na hao ndio wanaopiga kelele zaidi. Oktoba ikikaribia pande zote mbili zinapandisha sauti. Hilo si jambo la kustaajabisha, na peke yake halina hatari.

Kuna na hili linaloonekana kama unafiki, la chama kuwa ndani ya serikali na kuisema serikali hiyo hiyo jukwaani. Mawaziri wanafungwa na uwajibikaji wa pamoja: mkishapitisha jambo kwenye Baraza la Mapinduzi, yaani baraza la mawaziri la Zanzibar, kila waziri analibeba kama lake, hata kama ndani alilipinga. Waziri wa ACT hawezi kutoka nje akasema «mimi sikukubali» kisha akabaki ofisini. Basi anayesema ni chama chake, kwa mdomo wa viongozi wasio na wizara. Kwa mtu wa kawaida inaudhi, nakubali. Lakini kama chama hicho kingenyamaza kabisa, usingejua kwamba ndani kulikuwa na mtu aliyekataa.

La tatu, na hapa ndipo watu wanapodanganyika zaidi, ni kiasi cha madaraka. Ukisikia «Makamu wa Kwanza» unadhani ameshika nusu ya usukani. Hakushika. Mamlaka ya utendaji ni ya Rais. Makamu wa Kwanza ni mshauri wake, na ofisi yake kwa miaka mingi imepewa mambo kama mazingira, watu wenye ulemavu, UKIMWI na dawa za kulevya. Anayeongoza shughuli za serikali katika Baraza la Wawakilishi ni Makamu wa Pili, wa chama cha Rais. Yaani Katiba inampa mshirika kiti na sauti, haikumpa uwezo wa kuzuia. Kwa hiyo ACT wanapolalamika kwamba waliyoahidiwa walipoingia serikalini Desemba 2020 hayatekelezwi, au wanapoipinga ile kura ya mapema, ambayo askari na watumishi wa uchaguzi hupiga siku moja kabla ya wengine, njia waliyobakiwa nayo ni kulalamika hadharani na kutishia kutoka. Mimi naona huu ni udhaifu wa kweli wa mfumo wa Zanzibar: kuna kanuni ya kugawana nafasi, hakuna chombo chenye nguvu cha kuamua washirika wanapokosana. Bila mwamuzi wa ndani, kila ugomvi unaishia kwenye spika za mkutano wa hadhara.

Kenya walikuwa na ugonjwa huo huo kwa sura nyingine. Sheria ya mseto wa 2008 ilimpa Waziri Mkuu, yaani Raila, kazi ya kuratibu na kusimamia wizara, lakini kumsimamia waziri kunafika wapi? Tarehe 14 Februari 2010 Raila alitangaza kuwasimamisha kazi kwa miezi mitatu William Ruto, aliyekuwa Waziri wa Kilimo, na Sam Ongeri wa Elimu, kwa sababu ya kashfa ya mahindi na ya fedha za shule za msingi. Siku hiyo hiyo Kibaki akatangua. Mawaziri wakabaki, ODM wakasusia vikao vya baraza. Kumbuka kwamba kashfa ile ya mahindi ilitokea wakati ambapo serikali ilitangaza njaa kuwa janga la taifa, watu wapatao milioni 10 wakiwa hawana chakula cha kutosha. Huu, dada yangu, ndio ugomvi uliooza. Aliyeathirika ni mwenye njaa, na swali la nani alikula mahindi likazikwa chini ya swali la nani ana mamlaka juu ya nani. Ukiona washirika wanagombania itifaki, magari, au kumkinga mtu wao asichunguzwe, kasirika. Una haki kamili.

Ila ugomvi wa namna nyingine upo. Mseto ule ule wa Kibaki na Raila ndio uliowapa Wakenya Katiba mpya kwa kura ya maoni ya 4 Agosti 2010, kitu ambacho serikali zilizotangulia hazikukifikisha. Huko Afrika Kusini, chama tawala cha ANC kilipoteza wingi wa viti Mei 2024 kwa mara ya kwanza tangu 1994, kikalazimika kuunda serikali na DA, kilichokuwa chama kikuu cha upinzani, na vyama vingine. Februari 2025 hotuba ya bajeti iliahirishwa siku yenyewe ya kusomwa, kwa sababu washirika walikataa VAT kupandishwa kwa pointi mbili. Mwezi Machi likaja pendekezo la nusu pointi kwa mwaka, kwa miaka miwili. Wakagombana bungeni na mahakamani, magazeti yakaandika kwamba serikali inakufa. Aprili Hazina ikaondoa nyongeza yote, VAT ikabaki asilimia 15. Mama wa Soweto anayenunua sabuni alifaidika na kelele zile. Kama ANC ingekuwa na viti vyake vya zamani, bajeti ingesomwa siku ile ile na VAT ingepanda.

Zanzibar nayo ina mifano ya pande zote mbili. Meli ya MV Skagit ilipozama Julai 2012, miezi kumi tu baada ya msiba wa MV Spice Islander wa Septemba 2011, waziri mwenye dhamana ya miundombinu na mawasiliano, ambaye alitoka CUF, alijiuzulu. Katika siasa zetu kujiuzulu ni nadra, na naamini kuwa na mshirika anayekutazama kulichangia. Kwa upande mwingine, mwaka 2014 Othman Masoud Othman, akiwa Mwanasheria Mkuu wa Zanzibar, alizipigia kura ya hapana baadhi ya ibara katika Bunge Maalumu la Katiba, akaondolewa kazini. Ndiye huyo aliyekuja kuwa Makamu wa Kwanza Machi 2021, baada ya Maalim Seif kufariki tarehe 17 Februari mwaka huo. Umoja uliokuwa na jina kubwa haukuvumilia hapana ya mtu mmoja.

Nije kwa mwanao. Usimkemee, maana swali lake ni la mtu anayefikiri. Wote wakiwa serikalini, kweli ni vigumu kujua lawama umpe nani, na upinzani wa kuuliza maswali unapungua. Huo ndio upungufu mkubwa wa mseto popote duniani, na siwezi kukuficha. Wapo pia waliosusia kwa makusudi kwa sababu waliona kushiriki ni kuhalalisha dhuluma, kama CUF mwaka 2016. Nawaheshimu, ingawa gharama yake ilikuwa karibu miaka mitano bila sauti barazani.

Mweleze lakini kwamba katika mfumo wa Zanzibar kura inafanya kazi hata kwa anayeshindwa. Mwaka 2020 Dk. Hussein Mwinyi alitangazwa kwa asilimia 76.27 na Maalim Seif, ambaye wakati huo alikuwa amehamia ACT, kwa 19.87. Chama cha Maalim kilipinga matokeo yale, lakini ile 19.87 ndiyo iliyokipa haki ya Makamu wa Kwanza. Na kwa kuwa viti vya Baraza ndivyo vinavyogawa wizara, kura yake ya mwakilishi wa jimbo inahesabiwa mara mbili: nani amwakilishe, na chama gani kipate uzito kiasi gani mezani. Upande upi, hilo ni lake na Mola wake, wala mimi wala mjomba hatuna la kumwamulia. Mimi ningependa aende. Asitafute wa kumkataa kwa jina la chama. Amuulize mgombea wa jimbo lake: katika miaka hii mitano, ni jambo gani ulilipinga, na lilikwenda wapi? Asiye na jibu amejibu.

Kuhusu fujo: kelele za jukwaani peke yake si dalili. Kuna mambo mengine matatu ninayoyaangalia mimi. Huduma zikianza kutolewa kwa kuangalia chama, mtu akanyimwa kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi au barua ya sheha. Viongozi wakiacha kusema «sera yao mbaya» na kuanza kusema «hawa si wenzetu». Na jirani kuacha kumzika jirani. Umeniandikia kwamba kaka zako hawasalimiani tangu Mfungo Mosi, na kusema kweli katika barua yako yote hilo ndilo lililonitia wasiwasi kuliko hotuba ya mwanasiasa yeyote. Usilitatue kwa simu wala kwa kundi la WhatsApp la ukoo, huko maneno yanazidi kuchacha. Panda boti uende kama unaweza, au mtume mzee ambaye wote wawili wanamstahi, awaite nyumba moja, na katika kikao hicho vyama visitajwe kabisa. Wao ni watoto wa mama mmoja kabla Katiba ya 1984 haijaandikwa.

Yapo yatakayotaka zaidi ya ushauri wa kusoma kama huu. Mwanao aende mwenyewe kuhakiki jina lake katika daftari kwenye ofisi ya Tume ya Uchaguzi ya wilaya, mapema, asingoje wiki ya mwisho. Akikuta jina halimo au anazungushwa na ofisi yoyote kwa sababu za chama, Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar kina ofisi Chake Chake na wanasaidia watu wasio na uwezo wa wakili. Kukiwa na vitisho vya kudhuru mtu, ni polisi siku hiyo hiyo, na pia Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, ambayo mamlaka yake yanafika Bara na Visiwani. Mtu akidaiwa chochote ili apewe haki yake, hiyo ni kazi ya vyombo vya kupambana na rushwa, ZAECA kule na TAKUKURU huku kwetu. Kila anapokwenda aandike tarehe na jina la aliyemhudumia, aombe jibu kwa maandishi, na nakala akuachie wewe Makorora.